Kigoma na Ujiji: moshi usio na dohani

Msafiri anayekuja Kigoma kwa treni hufika mwisho wa reli, na hapo hana budi kushuka. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika ziwani mwaka 1914, na jengo la kituo lingali linatazama bandari. Mwenye kusimama mbele ya kituo hicho katika miezi ya mvua huiona milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwa uwazi wa kutofautisha mabonde yake. Kiangazi kikishika, Julai na Agosti, milima hiyo hutoweka, na siku nyingine hata mpaka wa maji na mbingu hauonekani. Wenyeji husema ni ukungu. Vumbi la kiangazi limo, ni kweli. Lakini umo pia moshi mwingi wa nyasi na mashamba yanayochomwa pande zote mbili za ziwa.

Tumeuanza mwendo wetu na moshi huo wa mbali kwa kuwa ndio ambao watu wa mji wetu huuona wakauulizia. Moshi wa karibu hauulizwi. Umezoeleka kama sauti ya mawimbi. Makala hii inamchukua msomaji kutoka kituoni, kupitia mialo ya Kibirizi na Katonga, hadi vichochoro vya Ujiji na ndani ya nyumba zetu wenyewe, ili tujue moshi huo unatoka wapi, unamfanya nini anayeuvuta, na ni nani hasa anayeuvuta.

Manispaa ya Kigoma Ujiji, ambayo sensa ya mwaka 2022 iliikuta na watu zaidi ya laki mbili, haina kiwanda cha saruji wala foleni za magari kama za Dar es Salaam. Majenereta ya dizeli yaliyokuwa yakiulisha mji umeme kwa miaka mingi yamepungukiwa na kazi tangu gridi ya Taifa ilipoanza kuingia mkoani. Barabara kadhaa zimepata lami chini ya mradi wa miji ya kimkakati uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mwenye kulikumbuka vumbi la zamani hawezi kuudharau mchango wa lami kwa kifua cha mwanadamu. Mchana upepo wa ziwani hupanda mjini. Mgeni huvuta pumzi, akaisifu hewa yetu, nasi huipokea sifa hiyo kama haki yetu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba kwa pamoja, huhusishwa na vifo vya watu wapatao milioni 6.7 kila mwaka. Moshi wa ndani ya nyumba peke yake ulihesabiwa kuwa sababu ya vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Hapa Tanzania, Serikali ilipokuwa ikihimiza nishati safi ya kupikia imetaja mara nyingi idadi ya watu wapatao 33,000 kila mwaka. Hao hawakuuawa na viwanda vya Beijing wala magari ya Delhi. Waliuawa na mafiga matatu.

Ubaya wa moshi haumo katika weusi wake unaobaki darini. Masizi yale makubwa hunaswa na pua na koo, mtu akakohoa akayatema. Yanayodhuru zaidi ni chembechembe ndogo zisizoonekana, ambazo kipenyo chake hakifiki hata sehemu moja ya thelathini ya upana wa unywele. Hizo hupita koo, hupita matawi ya mapafu, hufika kwenye vifuko vya mwisho ambako hewa na damu hukutana, na zilizo ndogo kabisa huingia katika damu yenyewe. Ndiyo sababu madaktari hawauhusishi moshi na kifua tu, bali pia na shinikizo la damu, kiharusi, ugonjwa wa moyo, mtoto wa jicho, saratani ya mapafu, na watoto wanaozaliwa wakiwa na uzito mdogo. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano hatari iliyo kubwa ni nimonia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kipimo chake cha usalama hadi mikrogramu 5 za chembechembe hizo katika mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Ndani ya jiko la kuni lililofungwa, wakati wa kupika, kipimo huhesabiwa kwa mamia, na pengine hupita elfu.

Kibirizi na Katonga

Ukishuka Kibirizi baada ya swala ya alfajiri utawakuta wavuvi wanarejea. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga, na mbalamwezi ikikomaa wavuvi hupumzika, kwa kuwa taa ya binadamu haishindani na ile ya mbinguni. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zikivuma usiku kucha juu ya maji, na mvuvi aliamka na pua nyeusi. Leo zimepisha taa za betri na za sola. Hakuna aliyewahubiria wavuvi juu ya mapafu yao. Mafuta ya taa yalipanda bei, taa mpya zikashuka bei, na karabai zikaondoka. Tunamwomba msomaji alihifadhi jambo hili, kwa kuwa tutalihitaji mbele.

Dagaa wenyewe si mzigo mkubwa kwa hewa. Huanikwa juani, wengine mchangani, wengine juu ya vichanja vya nyavu. Jirani zetu wa Burundi, katika ziwa hilihili, walihimizwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuviinua vichanja juu ya ardhi, na dagaa wao wakakauka upesi zaidi, bila mchanga, wakapata bei njema. Jua halitoi moshi. Taabu huja masika, mvua inapokataa kupisha, na huja pia kwa samaki wenye mwili: migebuka, kuhe na sangala. Samaki huyo akikosa barafu huharibika kabla ya siku kwisha, na barafu kwa mama mwenye beseni mbili za migebuka ni anasa. Kwa hiyo humbanika.

Banda la kubanikia samaki ni chumba kifupi cha matofali ya udongo na mabati, ukuta wake umevaa lami iliyotengenezwa na moshi wenyewe. Kuni hupangwa chini, tena zisikauke sana ili zitoe moshi wa kutosha, na samaki hulazwa juu ya wavu. Mbanikaji huingia kugeuza kwa mkono, hutoka kufuta macho, huingia tena. Mara nyingi ana mtoto mgongoni. Mtoto huyo hupumua haraka kuliko mama yake, kwa kila kilo ya mwili wake huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, na mapafu yake bado yanajengwa. Hakuna kanuni ya kazi iliyowahi kumhesabu kuwa mfanyakazi wa mwalo, naye yuko kazini tangu asubuhi.

Dawa ya banda hili inajulikana. Huko Senegali, katika chuo cha mafunzo ya uvuvi cha Thiaroye, ulibuniwa kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo mtindo wa tanuri ambalo mafuta ya samaki hayadondoki motoni, kuni hutumika chache, na moshi huchujwa kabla ya kumfikia samaki. Faida yake ni mbili: mbanikaji huokoka, na mlaji pia, kwani samaki aliyebanikwa juu ya moshi mzito hubeba baadhi ya kemikali zilezile za saratani zilizomo katika moshi. Tanuri hilo limeenezwa katika nchi kadhaa za Afrika. Lakini hujengwa kwa fedha, na mbanikaji huhesabu faida yake kwa siku moja moja.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na nchi jirani, ili samaki wazaane. Mjadala ulikuwa juu ya riziki, na ulistahili kuwa hivyo. Pamoja na hayo, mabanda ya kubanikia nayo yalipumzika, na kupumzika kwa banda ni kupumzika kwa mapafu ya waliomo.

Ujiji

Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji ni mwendo mfupi wa daladala, lakini mtu huingia katika mji mwingine. Hapa ndipo misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo ilipokomea, na hapa ndipo Uislamu ulipopiga kambi kando ya ziwa kabla ya reli na kabla ya mkoloni. Watalii huja kutazama mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Sisi tungewaomba watazame pia namna nyumba zilivyojengwa: ukuta kwa ukuta, baraza mbele, ua nyuma, na jiko uani. Ulikuwa ujenzi wa hekima, wa faragha na ujirani. Ila ulijengwa wakati miembe ilikuwa mingi na watu walikuwa wachache. Leo ua umegawanywa vyumba vya wapangaji, jiko limesukumwa ukumbini au mlangoni, na moshi wa nyumba moja huingia dirisha la nyumba ya pili bila kubisha hodi.

Usiku hali huzidi. Upepo wa ziwani hukoma, ardhi hupoa, na hewa ya baridi hulala mabondeni kama blanketi. Moshi wa chakula cha usiku haupandi; hulala nayo juu ya mapaa hadi jua likwee. Anayetoka kwenda kuswali alfajiri hupita ndani yake.

Moshi mkubwa wa Ujiji na vijiji vinavyouzunguka ni wa mawese. Chikichi huchemshwa ndani ya mapipa kwa saa nyingi hadi zilainike, hukamuliwa, kisha mafuta huchemshwa tena ili maji yatoke. Kuni zinapopungua, makapi na nyuzi za michikichi yenyewe hutumika, na hizo zikiwa na unyevu na mafuta hutoa moshi mzito unaoshika nguo wiki nzima. Tangu mwaka 2018, Kassim Majaliwa, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, alipolivalia njuga zao hili, miche bora imekuwa ikizalishwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga na kugawiwa wakulima. Tunaliombea zao hilo baraka, kwani nchi inayoagiza mafuta ya kula kutoka Asia ya mbali huku ina Kigoma inajidhulumu. Lakini michikichi mipya ikizaa, chikichi zitachemshwa wapi na kwa moto gani? Tukipanda mbegu ya kisasa na kuichemsha katika pipa la zamani, tutakuwa tumeongeza mafuta na tumeongeza moshi kwa kipimo kilekile. Ukamuaji uliokusanywa mahali pamoja, wenye tanuri lenye dohani ndefu, ni sehemu ya kilimo hicho sawasawa na mbolea.

Kisha kuna taka. Asubuhi mwanamke hufagia ua, hukusanya majani, maganda, chupa za plastiki, pampasi na vifungashio, huvitia moto pembeni mwa ukuta. Anafanya usafi, na jirani humsifu kwa usafi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki nyingine zingalipo, na zikiungua hutoa sumu ambazo jani la mwembe haliwezi kuzitoa. Nchi ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007. Ni jambo jema. Tatizo ni kwamba mkaguzi hutafuta dohani, na moshi wa uani hauna dohani. Hapo gari la taka linalofika kwa siku inayojulikana litafanya kazi kubwa kuliko faini.

Chumba cha mzazi

Wengi wetu tumeacha kuni tukaingia katika mkaa, tukaamini tumetoka gizani. Mkaa hauna moshi mwingi wa kuonekana, na hapo ndipo penye mtego. Ukiungua katika hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, ikaziba nafasi ambayo oksijeni ingebebwa. Mwenye kuivuta huumwa kichwa, huona kichefuchefu, huishiwa nguvu, husinzia. Akilala, huenda asiamke.

Tunalieleza hili kwa sababu ya desturi inayofanywa kwa mapenzi. Mzazi akiwa ndani ya arobaini, na hasa usiku wa masika, huletewa jiko la mkaa chumbani ili yeye na kichanga wapate joto. Mlango hufungwa ili upepo usiwadhuru, na pengo la chini ya mlango huzibwa kwa kanga. Juu ya makaa hutiwa ubani au udi, na pembeni huwashwa dawa ya mbu ya kuchoma. Utafiti mmoja wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta kwamba koili moja ya dawa ya mbu inaweza kutoa chembechembe ndogo sawa na za sigara 75 hadi 137. Baba wa nyumba hiyo huenda hajavuta sigara maishani mwake, na kichanga chake kinavutishwa pakiti kadhaa kabla ya kupewa jina siku ya saba.

Kwa jambo hili tuna fundisho lililo wazi. Katika sahihi mbili za Bukhari na Muslim imepokewa habari ya nyumba iliyoungua usiku Madina pamoja na watu wake, na Mtume (SAW) alipoelezwa aliutaja moto kuwa ni adui wa watu, akaamrisha uzimwe wakati wa kulala. Wanachuoni wameieleza kwa hofu ya kuungua. Nasi leo, tulioelezwa habari ya gesi isiyoonekana, tunaona kwamba amri hiyo inamkinga mtu hata na moto usiotoa mwale. Joto la mzazi lipatikane kwa blanketi, kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na kwa kichanga kulazwa kifuani mwa mama yake. Udi ufukizwe sebuleni, mlango ukiwa wazi, kabla ya mzazi kuingia. Mbu azuiwe kwa chandarua chenye dawa.

Nani anunue jiko

Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mwezi Mei mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa dunia juu ya jambo hili jijini Paris. Tangu hapo mitungi imegawiwa, na hotuba zimetolewa, na mara nyingi hotuba hizo huelekezwa kwa kina mama: acheni kuni, acheni mkaa.

Mwanamke wa Ujiji hakuuchagua mkaa kwa kuupenda. Mkaa huuzwa kwa kopo, kwa siku, kwa fedha iliyobaki baada ya unga. Mtungi wa gesi hudai fedha ya mwezi kwa mkupuo mmoja, na ukiisha katikati ya mchuzi hakuna kopo la gesi la kununua dukani kwa jirani. Huenda ifikapo mwisho wa mwezi mkaa umekula zaidi, hasa sasa ambapo misitu inayotoa mkaa inazidi kusogea mbali na mji. Lakini mfuko wa kila siku haujui hesabu ya mwezi. Hapa ndipo tunaporejea kwa karabai za wavuvi. Zilitoka pale chombo bora kilipokuwa nafuu kwa yule aliyeshika fedha, na aliyeshika fedha ndiye aliyekuwa akiuvuta moshi. Jikoni mambo ni kinyume. Anayeuvuta moshi ni mmoja na mwenye fedha ni mwingine.

Wanafunzi wa fiqhi ya Imam Shafii husoma Minhaj ya Imam Nawawi katika vyuo vyetu vingi vya mwambao na bara. Katika mlango wa nafaqa ya mke, Imam hakukomea kwenye chakula, mavazi na makazi. Amehesabu pia, katika yanayomlazimu mume, gharama ya kusaga na kuoka, na vyombo vya kulia, vya kunywea na vya kupikia. Jiko ni chombo cha kupikia. Kwa hiyo jiko lisilomuua mke halipaswi kuhesabiwa zawadi ya mume mwema, wala ajenda ya mashirika, wala deni la mke katika kikoba chake. Limo ndani ya nafaqa. Ni jambo la kustaajabisha kwamba wanaume ambao huzijua haki zao zote za ndoa kwa nambari ya ukurasa, ukurasa huu huwapita.

Hatusemi kwamba mtungi wa gesi ni hirizi. Utafiti mkubwa uliofanywa katika kaya 3,200 za Guatemala, India, Peru na jirani zetu Rwanda, ambamo nusu ya akina mama wajawazito walipewa majiko ya gesi na gesi ya bure, ulikuta moshi wanaouvuta umepungua sana, lakini nimonia kali kwa watoto wao haikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Matokeo hayo yaliwasikitisha wengi. Somo tunaloliona ni kwamba mapafu ya mtoto yana maadui zaidi ya jiko la mama yake: jiko la jirani, taka za mtaa, chanjo zilizokosekana, lishe duni. Nyumba moja haiwezi kujitenga na hewa ya nyumba kumi zinazoizunguka. Hewa ni shirika lisilogawanyika, na ndiyo maana wanachuoni wetu hawakuliacha jambo hili kwa kila mtu na nyumba yake. Al-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa hisba huko Shamu katika karne ya 6 Hijria, alimpa msimamizi wa soko kazi ya kuhakikisha kwamba mapaa ya waokaji mikate yameinuliwa na matanuri yao yana matundu mapana ya kutolea moshi, ili watu wasidhurike. Miaka mia nane na zaidi imepita, na mabanda ya mwalo bado yanangoja matundu hayo.

Misikiti nayo haimo nje ya hesabu. Aliyekula kitunguu saumu kibichi aliambiwa ajitenge na msikiti ili harufu yake isiwaudhi wenzake. Nasi katika futari za Ramadhani, hitma na walima huwasha kuni kwa masufuria makubwa nyuma ya ukuta wa kibla, na wanaosimama katikati ya moshi ule ni mama zetu. Serikali ilikwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja kwa siku ziache kuni na mkaa. Kamati yetu ililijadili suala hili katika vikao vitatu. Wazee walitetea ladha ya wali wa kuni, na hawakukosea kuhusu ladha. Mhasibu aliuliza bei ya majiko mawili makubwa ya gesi. Mwishowe tuliona ni adabu kuwauliza kina mama wa upishi wenyewe, na mkubwa wao akatujibu: "Wanangu, gesi ije Mungu akipenda. Kwanza tutoboleeni ukuta."

Kutoboa ukuta si tiba kamili. Matundu hupunguza moshi, hayauondoi, na chembechembe zile ndogo hubaki nyingi kuliko kipimo cha usalama. Lakini ni kazi ya siku mbili na mifuko michache ya saruji, na anayeijua kero ya jiko ndiye aliyeitaka. Jiko la kwanza la gesi limechangiwa kiasi cha kukaribia nusu, kwa makubaliano kwamba wanaume ndio watakaochanga na kwamba daftari la michango litasomwa kila Ijumaa baada ya swala. Fundi amekwisha kupima ukuta wa upande wa ziwa. Safu mbili za matofali zitatolewa chini ya paa, na bati la katikati litainuliwa kwa urefu wa mkono mmoja, kabla ya mwezi wa Shaaban kuandama.